Yanayolala na Yanayosimama

Namba ya Karani imewahi kunipigia mara moja tu, na aliyezungumza hakuwa yeye. Alikuwa binti yake, kutoka Ileje, anatumia simu ya baba yake kutoa taarifa ya msiba kwa watu ambao majina yao yalikuwa humo. Nilibaki nimeshika simu huku mteja ananilalamikia kwamba kurasa zake zimetoka na wino mwingi, na kichwani mwangu likawa linazunguka jambo moja la kijinga: kumbe simu ile inaweza kupiga.

Alikozaliwa sikujui. Wengine walisema ni Mndali, wengine walimfanya Mnyiha kwa jinsi alivyokuwa akivuta maneno. Akiulizwa kabila alijibu, "Forodha." Alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwa wakala mmoja pale mpakani, wa kujaza nyaraka za malori, enzi ambazo nyaraka zilijazwa kwa mkono. Kompyuta zilipokuja alitoka, lakini cheo alitoka nacho. Mimi nilipofungua steshenari yangu Tunduma nilimkuta tayari ana meza na kiti kwenye kibaraza cha chumba nilichopanga, na mwenye nyumba akaniambia, "Huyo ni Karani, yupo hapo." Aliniambia hivyo kama mtu anavyokuonyesha swichi ya taa ilipo, nami sikuuliza zaidi. Nikamzoea. Yeye akaanza kuniita Bosi, kwa dhihaka kwanza, baadaye kwa mazoea.

Kazi ya meza ile ilikuwa kuwasaidia watu kujaza karatasi za serikali. Lakini hilo lilichukua sehemu ndogo ya siku yake. Sehemu kubwa aliitumia kutengeneza mafumbo ya maneno, yale ya miraba, ambayo mtaani waliyaita chemshabongo. Alichukua karatasi ya daftari la hesabu, akapima kwa rula, akaweka giza miraba aliyotaka kuifunga. Kisha aliigeuza karatasi kichwa chini miguu juu na kuitazama. Ikiwa picha ya miraba myeusi haifanani na ilivyokuwa kabla ya kugeuzwa, alifuta yote na kuanza upya. Nilimwambia mara nyingi kwamba hakuna atakayegeuza karatasi kukagua hilo. Alinijibu, "Mimi nimegeuza."

Maneno aliyapata kibarazani. Alikubali Kiswahili, alikubali Kinyiha, alikubali hata Kibemba, mradi neno liwe limetamkwa sokoni na likaeleweka. Kulikuwa na swali lake moja lililorudi kila mara: "Mitumba, ukishavuka upande wa pili." Watu wa Tunduma hujaza salaula, neno la Zambia, bila kufikiri. Lingine lilikuwa, "Upepo wa hapa hulipenda kuliko mwenye nyumba," na jibu lake ni bati. Alinung'unika kwamba Kiswahili kina a nyingi mno mwishoni mwa maneno, akazikusanya hizo a kwenye pembe za fumbo kama mama anayewakalisha watoto wake mahali anapowaona.

Sasa nieleze desturi yake, maana bila hiyo hutamwelewa mtu huyu. Karani hakumtengenezea fumbo mtu aliyepo. Alimtengenezea mtu anayeondoka. Na Tunduma ni mji wa kuondoka. Nesi anahamishwa, askari anahamishwa, mfanyabiashara anafunga duka anarudi kwao, msichana anaolewa ng'ambo, dereva aliyekaa kwenye foleni mpaka akawa na kiti chake kwa mama lishe anaruhusiwa kuvuka. Kila mmoja wao, kama Karani alimfahamu, aliondoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Maneno ya kwenda kulia aliyaita yanayolala. Ya kushuka chini aliyaita yanayosimama. Yanayolala yaliuliza vitu ambavyo anayeondoka anavijua mwenyewe. Yanayosimama yaliuliza vitu anavyovijua mtu mmoja tu aliyebaki nyuma, jirani au rafiki, ambaye Karani alikuwa amemhoji kimyakimya kabla. Na chini kabisa aliandika: "Ukikwama, mpigie fulani." Majibu hayakuandikwa popote. Ulikuwa huna njia ila kupiga simu nyumbani.

Nilikuwepo siku moja simu kama hiyo ilipoingia. Kulikuwa na muuza vitenge mtu wa Kondoa, Mwislamu safi, asiyekosa swala, ambaye kwa miaka duka lake lilitazamana na genge la bibi mmoja muuza viazi, mwimbaji wa kwaya. Muuza vitenge alirudi kwao kuuguza mguu. Bibi akaja kwangu kununua bahasha, simu ikalia kiunoni mwake, akaiweka kwenye spika. Alikuwa yule wa Kondoa.

"Mama, shikamoo. Hivi yule mbuzi tulimwitaje?"

"Marahaba, baba. Mbuzi gani tena?"

"Yule aliyekuwa akiingia dukani kila asubuhi ananusa vitambaa kimoja kimoja, kisha anatoka bila kununua."

"Jamani, Yesu wangu! Mkaguzi!"

Wakacheka mpaka bibi akakaa chini sakafuni kwangu. Wakahamia kwenye mguu, wakahamia kwa wajukuu, wakaulizana bei ya viazi, na vocha ya Kondoa ikakata katikati ya neno. Karani alikuwa hatua moja kutoka pale, anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongeka. Hakuinua kichwa. "Herufi saba," alisema tu, peke yake.

Mtu angedhani mtu wa namna hiyo ni mpenzi wa simu. Karani alizichukia. Alikuwa na kiswaswadu kimoja, alikiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa koti, na mara nyingi kilikuwa kimezimwa ili chaji isiishe. Chaji ya kufanyia nini, hakuwahi kueleza. Alisema simu ni za watu ambao wameachana. Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta wa mbao, akinihitaji aligonga.

Alikuwa na mengine ya kushangaza. Kwenye karatasi za watu alikuwa mkweli mpaka anaudhi. Alikataa kuandika kwamba mtu ana mke mmoja ikiwa mtaa mzima unajua wa pili anakaa jirani tu, pale Mpemba. Lakini kwenye drafti alikuwa mwizi asiyeona haya. Alihamisha kete huku anakuuliza habari za nyumbani. Ukimkamata alisema, "Basi umeanza kuona, tucheze sasa." Alikunywa chai ya rangi bila sukari na kuwacheka wanaoweka sukari, halafu nikimpa andazi alichagua lililoungua kwa sababu, alisema, ndilo tamu zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Tunduma inapokuja na vumbi lake, alivaa sweta mbili na koti, akabaki anaonekana pua na penseli.

Na ingawa aliwaaga watu wote wa mji huu kwa karatasi, hakumsindikiza hata mmoja. Stendi hakufika. Siku ya safari ya mtu alinigongea ukuta, akanipa fumbo kupitia dirishani, akasema, "Mpelekee, mimi nina kazi." Nikirudi nilimkuta hana kazi yoyote, ametazama barabara. Hapo nilijua nisimsemeshe mpaka chai ipoe.

Siyo kila fumbo lilizaa simu. Kulikuwa na dereva wa Zambia, kijana mcheshi, kila safari akisimama anakula kwa mama lishe wa kona yetu na kumsalimia, "Mulishani, mayo," naye mama anajibu, "Bwino," kisha anamwongezea nyama. Kampuni ya dereva ikabadilisha njia. Karani akamchorea fumbo, na yanayosimama akayachota yote kwa mama lishe: pilipili aliyoikimbia, wimbo aliokuwa akipiga mluzi, jina la mwana wa mama mwenyewe. Mama lishe akahamisha simu kutoka kwenye kapu na kuiweka kifuani. Alikaa nayo hivyo mpaka mvua zikaja. Siku moja alitoka jikoni kwake na mwiko mkononi akamsimamia Karani.

"Karani, wewe ni mtu mbaya."

"Nimefanya nini, mama?"

"Yule kijana alikuwa mteja tu. Angeondoka ningesahau. Wewe ndiye umenifanya ningoje."

Karani alikunja karatasi, akaweka rula mezani. Siku ile hakuchora kitu. Kesho yake alikwenda kula kwake, akala, akarudisha sahani mwenyewe. Mimi nilimwona mama lishe kuwa amezidisha. Simu haijapigwa, basi, maisha yanaendelea. Nilisema hivyo kwa sauti, kwa ujuaji wangu wote.

Kosa lake kubwa lilikuwa la mwalimu wa shule ya msingi. Mtu alikuja kwangu kutoa nakala, akazungumza kibarazani kwamba mwalimu fulani wa kike anahamishiwa Kamsamba. Karani akasikia nusu. Akamchorea yule tuliyemzoea sisi, akaniagiza nikampe. Swali la kwanza linalolala: "Huko uendako utaula asubuhi na jioni." Wali. La pili: "Mwachie mdogo wako, kule itakuunguza." Sweta. Mwalimu wa watu alisoma akiwa mbele ya darasa, hajaambiwa lolote na mtu yeyote. Alilia, akatoka na chaki mkononi hadi kwa mkuu wake, akasema kama wameamua kumpeleka kwenye joto lile wangemwambia kwa mdomo kuliko kumpa chemshabongo. Ikaonekana anayehamishwa ni mwingine kabisa. Wa kwetu hajahama mpaka leo. Lakini kwa muda mrefu, Karani akikutazama huku ameshika rula, watu walivuka barabara. "Usinichoree!" walimpigia kelele kutoka ng'ambo, na yeye akawa anacheka na kuona aibu kwa pamoja.

Mimi pekee ndiye niliyetaka kuchorewa. Nasema wazi: nilitaka. Mafumbo yote yalipita mikononi mwangu, niliyatolea nakala, niliyafikisha stendi, niliwaona watu wakiyakunjua kwenye viti vya basi na nyuso zao zikibadilika. Mimi mtu wa Ndalambo nimekuja mjini na begi moja, mama yangu amekwisha tangulia, sina mume wa kunisumbua wala mtoto wa kuniulizia. Nilitaka nami mtu akae chini anifikirie mpaka nijae karatasi nzima.

"Na mimi je, Karani?"

"Wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Basi."

Mwaka mmoja nilifunga begi kwenda Mbeya kwa dada yangu mkubwa, nikalipitisha begi mbele ya meza yake polepole, nikalishusha, nikalibeba tena. Aliinua macho. "Utarudi lini?" Nikasema wiki ijayo. "Hiyo ni kutembea, Bosi," akasema, akarudi kwenye miraba yake. Nilikaa Mbeya nimekasirika siku zote zile, na dada hakuelewa nina nini.

Mwishowe aliyeondoka ni yeye. Alianguka bafuni, mguu ukapona lakini mkono ukaanza kutetemeka, na binti yake akaja kutoka Ileje na gari la kukodi, Noah. Alikuwa mama mpole, mwenye haraka, amefunga khanga juu ya sweta. Akaniambia, "Dada, tunampeleka nyumbani kesho asubuhi, huku hana mtu." Ile "hana mtu" niliisikia vizuri. Alikuwa na haki yake.

Nikafunga steshenari mapema, nikakata karatasi ya daftari la hesabu, nikaanza kumchorea. Nilidhani ni kazi nyepesi kwa kuwa nimeitazama miaka yote. Kumbe neno likikaa vizuri upande huu linamvunja mwenzake upande wa pili. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka, nikachukua nyingine. Yanayolala niliyajaza mambo yake: drafti, andazi, soksi, forodha. Yanayosimama niliyaweka yangu mwenyewe, mambo ambayo kwa hakika hakuna mtu Tunduma anayeyajua. Jina alilokuwa akiniita mama yangu. Kijiji nilichotoka na begi. Ninachokula mashine ya nakala ikigoma. Mnyama ninayemwogopa kuliko simba. Na la mwisho, miraba mitano: "Ulichompa kila aliyeondoka, mimi bado." Chini nikaandika: "Ukikwama, nipigie." Nikaweka namba yangu, ingawa alikuwa nayo.

Asubuhi nilimpa kupitia dirisha la gari. Aliikunjua, akaigeuza kichwa chini, akaitazama, akaikunja tena.

"Mstari umepinda," akasema.

"Nipigie," nikasema.

Hakupiga. Nilianza kutembea na simu mpaka chooni. Nikawa naizima redio ili nisikie. Mwezi ukapita, mvua zikaanza, mahindi ya watu yakasimama. Nilimpigia binti yake, akasema mzee yupo, anakula kidogo, simu haisikii vizuri, anakusalimia. Nikauliza kama anaandika andika. "Mikono hiyo, dada, itaandika nini." Mchana mmoja nilikwenda kula kwa mama lishe, akaiona simu yangu ipo kifuani. Aliniongezea nyama, na mimi nikaona aibu kwa maneno niliyoyasema kibarazani siku ile.

Nilipochoka kungoja nikapanda gari Mpemba, nikashuka Isongole, nikachukua bodaboda ya kupanda milima. Kwa binti yake ni nyumba ya matofali ya kuchoma, migomba nyuma, kahawa mbele. Karani alikuwa amewekwa juani kwenye kiti cha kamba, na blanketi magotini. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Shikamoo, Karani."

Nilirudia kwa sauti kubwa. Alinitazama, kisha uso ukafunguka.

"Marahaba, Bosi. Mashine umemwachia nani?"

"Nimefunga."

"Utafukuza wateja."

Binti akaleta chai ya rangi, akaniwekea sukari pembeni, akatuacha. Nilikuwa nimejiandaa njiani kuzungumza kwa upole, lakini niliyoyatoa hayakuwa ya upole. Nikamwuliza kwa nini hakupiga. Nikamwambia nimengoja kama mjinga. Nikamwambia hata salamu ya kukwama tu ingenitosha. Nilisema kwa sauti, na sijali aliyesikia.

Karani aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa soksi. Ndani ya soksi kulikuwa na simu, imezimwa, na karatasi yangu, imekunjwa mara nne. Akanipa.

Yanayolala yote yalikuwa yamejazwa, kwa herufi zinazotetemeka, nyingine zimetoka nje ya mraba. Na yanayosimama pia. Kasuku, jina aliloniita mama yangu. Ndalambo. Mihogo. Chura. Yote sahihi.

"Nani kakwambia haya?"

"Wewe."

"Sijawahi kukwambia."

"Mimi hukuniambia. Uliiambia mashine." Alikunywa chai, ikamwagika kidogo, akaifuta kwa blanketi. "Ukuta wako ni wa mbao, Bosi. Miaka yote ile unazungumza na mashine. Siku ilipoletwa ile mpya ulisema, mama angeona, Kasuku wake ana mashine. Nilisikia. Ukala mihogo siku zile imegoma, ukailaani moja moja. Nilisikia. Sasa nikupigie nikuulize nini, na yote ninayo?"

Nilitazama karatasi ili nisimtazame yeye, na hapo ndipo nilipoona miraba mitano ya mwisho iko wazi. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na hili? Hili limekushinda?"

"Hilo ndilo jepesi kuliko yote."

"Mbona hujalijaza?"

"Ningelijaza," akasema, "ungekuja kufuata nini?"

Tulikaa pale mpaka jua likahama kutoka magotini mwake. Tulicheza drafti, aliiba kete, nikamwacha aibe. Nilipoinuka kuwahi gari nikataka kuijaza ile miraba, imalizike, akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Iache. Utakuja ujaze baada ya kahawa kuvunwa."

Akairudisha karatasi ndani ya soksi. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio, fupi, imechongwa kwa kisu, akanipa niondoke nayo ili nisije siku hiyo nikasema sina cha kuandikia. Nikaahidi. Binti yake akanipigia, kwa simu ya baba yake, kahawa ikiwa bado mtini.

Penseli ninayo hapa steshenari, kwenye kopo la kalamu. Mteja akiiomba, nampa kalamu.